Kadi ya Kliniki

Jumatano nawatundika watoto wa Handali
kwenye mzani unaoning'inia katika boriti ya zahanati.
Wanavishwa ile kaptura ya turubai,
miguu inaelea, wanalia
kwa hasira ya mtu aliyekamatwa bila kosa,
nami nasubiri mshale utulie.
Kilo sita na nusu. Kilo saba.
Naweka nukta kwenye kadi, naiunganisha na ya mwezi uliopita.
Kijani, nasema, mlishe hivyohivyo.
Kijivu, ongeza karanga kwenye uji.
Nyekundu, sisemi haraka. Nanawa mikono kwanza.

Jumapili mikono hiyohiyo inashika chaki
nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta:
watoto thelathini na kitu, vumbi jekundu hadi magotini,
maana mwaka huu mvua ilifika Mvumi ikaturuka.
Somo: utoto wa Bwana.
Ni somo fupi. Hori, mamajusi, safari ya Misri,
kisha hekaluni, miaka kumi na miwili,
wazazi wakihangaika siku tatu
kama waliopotelewa na ndama mnadani.
Kisha kimya, miaka kumi na minane.
Luka anavuta pumzi, na anapoitoa
mtoto ni mwanamume, amesimama mtoni.

Basi nikachora kadi ubaoni.
Jina: Yesu. Mama: Mariamu. Kijiji: Nazareti.
Uzito wa kuzaliwa: haukuandikwa,
zizini hapakuwa na mzani.
Nikawaambia, jazeni.
Nyemo akasema alichelewa kuota meno.
Mwingine: alikula udongo, akachapwa.
Mwingine: alitumwa maji korongoni,
akafukua mchanga kwa kata, akasubiri yajikusanye,
akachelewa kurudi kwa kumtazama kinyonga.
Tukaweka nukta. Mstari ukapanda polepole.

Ndipo Chidosa, ambaye huweza kunyamaza mwezi mzima, akauliza:
"Alipoumwa homa, nani alimponya?"

Nilikuwa na jibu la darasani. Likanikwama.
Kwa sababu niliuona mkeka, usiku, paji la uso la moto,
na ule mkono ambao ungekuja kuwagusa wenye ukoma
umelegea, mdogo, haujui bado,
na mama anachovya kitambaa, anakamua, anaweka,
anachovya, anakamua,
akihesabu jogoo wanavyowika.
"Mama yake," nikasema.
"Alingoja kupona, kama wewe."

Tangu hapo siombi kama zamani.
Mwenyezi, ndiyo, bado nasema Mwenyezi.
Lakini naongeza: wewe uliyewahi kuwa kilo saba,
uliyebebwa mgongoni ukaiona dunia
kwa upande mmoja tu wa bega,
uliyejifunza kutamka maji
miaka mingi kabla ya kutembea juu yake.
Vipimo vyote ni vyako, ukakubali kupimwa.
Hukuruka hata mwezi mmoja.

Ila kadi ya Yona wa Mbeleje
ilishuka miezi mitatu mfululizo,
ikakoma mwezi wa kumi na nne.
Wako, Mariamu, Misri ilimficha.
Wa jirani zako wa Bethlehemu hawakufichwa.
Sina somo la hilo. Nimelitafuta.
Mbeleje aliniletea kadi, akasema, ukiichoma nitajua.
Nikaiweka kwenye Biblia yangu
pale Luka amemaliza sura ya pili
na hajaanza ya tatu,
kwenye mwanya ule ambamo Mungu alikuwa mtoto wa mtu
na hakuna aliyeandika.
Kila nikifungua hapo inaanguka, naiokota.

Jumatano hii Mbeleje analeta mdogo wake Yona,
mwezi wa pili.
Asubuhi za Julai upepo wa hapa unauma.
Nitaianika kaptura juani kwanza.